Daraja Lililobaki Nje ya Picha

Nauza magazeti Maili Moja. Wateja wangu wengi husoma vichwa vya habari bure na kuondoka, kwa hiyo kilichobaki ndani nakisoma mimi. Kampeni zikiisha, mbunge huhamia kurasa za kati: ameshika mkasi, au jembe jipya ambalo halijawahi kuonja udongo. Pale asipofika yeye, hata pakizama, hapatoki habari.

Daraja la kule Chole, Kisarawe, lilipobomoka, nilimbana mwandishi anayepita kwangu kila asubuhi. Akanijibu, "Kaka, daraja peke yake halitoki. Mlete mheshimiwa, mimi nitaleta kamera."

Mdogo wangu wa kike anaishi ng'ambo ya lile daraja. Zahanati iko upande huu. Mimba yake ilikuwa imeiva, na masika yalishaanza kupiga hodi. Nikampigia simu: mbunge akija kukabidhi mipira kwenye shule ya upande huu, kina mama wamzuie palepale darajani kwa ngoma na vigelegele. Mbunge gani atapita ngoma bila kushuka?

Akashuka kweli. Akacheza kidogo. Mimi huku nikawa napatana na mwandishi kwenye simu.

"Daraja liingie."

"Lote?"

"Hata robo, mradi lionekane limevunjika."

"Robo utapata, usijali."

Gazeti lilipofika nililipekua kutoka mbele kwenda nyuma, kisha nyuma kwenda mbele, labda nimeruka kitu. Sikuruka. "Wananchi wampongeza mbunge kwa maendeleo." Picha ilikatwa kifuani. Daraja na tumbo la mdogo wangu, vyote vilibaki chini, nje ya gazeti.

Akapiga simu. "Shikamoo kaka. Limetoka?"

"Marahaba. Umetoka wewe."

"Nimetokaje?"

"Unacheka. Umependeza."

Nikasikia mvua ikianza kwenye bati lao.

"Si ulisema tufurahi?"

"Nilisema."

"Sasa nani atajua tuna shida?"

Nikamwambia afunge kanga zake, mumewe amvushe sasa hivi kabla mto haujajaa. Mimi nakuja kumpokea upande wa zahanati.

Nilipokuwa nafunika meza kwa nailoni, mzee mmoja akaokota gazeti lile, akaitazama picha.

"Huko watu wana raha," akasema, akalirudisha bila kununua.