Boti ya Abdulatif Mikononi mwa Haruna

Marehemu Haruna, Mungu amlaze pema, alikuwa mshona nyavu pale Ujiji. Enzi zile, ukiingia kwake, harufu ya mawese na nyavu mbichi ilikupokea kabla hujapiga hodi. Siku hizi ukipita mtaa ule hunusi kitu.

Rafiki yake wa tangu chuo cha Kurani, Abdulatif, alikuwa na boti ya mbao yenye injini. Ilipeleka chumvi na sabuni vijiji vya kaskazini, ikarudi na dagaa. Abdulatif alipougua figo na kutakiwa aende Dar es Salaam kwa matibabu marefu, hakuwaachia boti ndugu zake. Alikwenda na Haruna kwa mwanasheria mjini Kigoma, akamwandikia hati ya uwakili: asimamie safari za mizigo, apokee mapato, atie sahihi benki kwa niaba yake.

"Mzee, umeelewa lakini?" mwanasheria alimuuliza. "Fedha zake usizichanganye na zako. Ukiitumia boti kwa jambo lisilomo humu, likaharibika neno, utalipa wewe, si yeye."

"Nimeelewa, mwanangu. Ni amana."

Na kweli aliitunza. Fedha za boti zilikaa kwenye kopo la peke yake mpaka siku ya benki. Siku moja mkewe, Mwasiti, alichukua humo za kununulia kiberiti, Haruna akamrudisha dukani na kiberiti chake.

"Baba Nasra, kiberiti tu!"

"Mwenye kiberiti yuko Dar es Salaam, Mama Nasra."

Mwasiti alicheka mpaka akakaa chini.

Kisha ukaja mwaka wa tisini na tatu, Burundi ikawaka moto. Mabaharia walileta habari kwamba watu wamejaa ufukweni Mwamgongo, karibu na mpaka, wamelala mchangani na watoto, wanasubiri chombo cha kuwafikisha Kigoma. Haruna aliswali, akanunua mafuta kwa fedha zake, akaenda. Hakumtoza mtu nauli. Moyoni alijiona yuko salama: mafuta yake, jasho lake, sadaka yake. Hakukumbuka kwamba boti si yake, na sadaka hutolewa katika mali ya mtu mwenyewe.

Safari ya kwanza ilikwenda vizuri. Bibi mmoja alimshika mkono akasema, "Imana iguhezagire," na Haruna, ambaye Kiha chake kilimtosha kuelewa Kirundi, akaitikia amina kwa baraka hiyo. Akarudi tena. Safari hiyo upepo uliwasukuma kwenye miamba, injini ikagonga, ikapasuka. Walipiga makasia mpaka pwani. Alhamdulillahi, hakuna aliyekufa. Lakini injini ya Abdulatif ilikuwa chuma chakavu.

Haruna hakuwa na cha kulipia isipokuwa shamba la michikichi huko Simbo, alilorithi kwa baba yake. Ndiko yalikotoka mawese ya nyumba nzima.

"Mweleze tu," Mwasiti alisema. "Atakusamehe."

"Akisamehe ni hiari yake. Kulipa ni juu yangu."

Akaliuza.

Abdulatif aliporudi, amekonda, anatembelea mkongojo, alikwenda moja kwa moja ufukweni. Akaizunguka boti.

"Haruna, injini yangu ilikuwa na rangi ya buluu. Hii nyeusi ni ya nani?"

Haruna akamweleza yote, bila kujitetea.

"Ulipakia watu kwa boti ya nani?"

"Yako."

"Basi thawabu za nani?"

Abdulatif akaangua kicheko, akakohoa, akashika bega la mwenzake asianguke. "Mwizi wa thawabu wewe! Bora ungeniibia dagaa."

Kisha akaigusa injini nyeusi. "Posta kuna simu, ndugu yangu. Ungeniuliza, ningekwambia nenda."

Neno hilo lilimchoma Haruna kuliko kuuza shamba.

"Injini naipokea," Abdulatif akaendelea. "Nikikurudishia fedha zako, hutanitazama usoni tena, nakujua. Ila mwezi ujao narudi hospitali. Hati ile ungali unayo?"

"Ninayo."

"Ishike. Na safari hii andikeni humo: wakitokea watu ufukweni, wapakiwe. Sadaka yangu."

Wakaenda tena kwa mwanasheria, ikaandikwa. Wageni waliendelea kuja miaka ile, wengine kutoka ng'ambo ya ziwa, na boti iliwabeba.

Shamba halikurudi. Mpaka uzeeni Haruna alinunua mawese kwa yule aliyemuuzia shamba, wala hakutaka ya mwingine. Akifika nyumbani hufungua chupa, akanusa, akamwita Mwasiti naye anuse. "Ya baba haya," husema, kisha humpa apike.