Tulia, Sekunde Tatu

Nilirudi Kisumu na masanduku mawili, diploma ya ugavi niliyoisomea baada ya zamu, na miaka kumi na moja ya kazi katika maghala ya Uarabuni. Nilianza kule kwa kubeba maboksi, nikaondoka nikiwa msimamizi wa watu arobaini. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Haya nilikuwa nikiyasema kila siku, kwa yeyote aliyekaa karibu nami muda wa kutosha, na nayarudia hapa kwa sababu yanahusika.

Nikaanzisha ufugaji wa samaki aina ya ngege katika vizimba ziwani, upande wa Seme. Mimi nilikaa ofisini, ghorofani karibu na soko la Kibuye, nikipiga simu. Vizimba vilitunzwa na mama mmoja wa umri wa marehemu mama yangu. Alikuwa na uwezo wa kutazama maji tu akajua kama samaki wana njaa au wanakosa hewa. Wafanyakazi wengine walikaa mwezi, miezi miwili, wakaondoka. Yeye alikaa miaka mitatu. Kisha asubuhi moja akaniambia kwamba mwisho wa mwezi anaacha.

"Kwa nini, Mama? Kazi imekuchosha?"

"Kazi haijanichosha, Baba. Ni simu."

Nilijua kwamba akiondoka yeye, vizimba vitanishinda. Mtu mwingine angepanda gari akaenda kuzungumza naye. Mimi, kwa kuwa nimesoma, nikatafuta kifaa. Nikaweka kwenye kompyuta programu ya akili unde inayosikiliza simu za kazi, kuandika kila neno linalosemwa, na kumpa mwenye simu ushauri kwenye skrini akiwa bado anaongea.

"Mama, kuanzia leo simu zetu zitarekodiwa," nikamwambia. "Ni kwa ajili ya kuboresha."

"Kumboresha nani?"

"Mawasiliano, Mama."

"Haya. Oyawore."

"Na uongee Kiswahili. Mashine haishiki Kijaluo vizuri."

"Basi iambie mashine habari ya asubuhi."

Baada ya simu hiyo nikaletewa ripoti. Nilikuwa nimemkatiza mara tisa. Nilikuwa nimetaja diploma yangu mara tatu, katika mazungumzo ya chakula cha samaki. Neno nililolirudia zaidi lilikuwa "fupisha". Nikaiandikia ile programu maelezo marefu kwamba haijui mazingira ya kazi yangu. Ikanijibu kwa adabu kwamba imenielewa, na kwamba bado ni mara tisa.

"Fupisha" niliitoa ghalani. Msimamizi aliyenifundisha kazi alikuwa akiinua kidole mtu akianza kueleza, na mtu alifupisha. Nilirudi na kidole hicho. Nilikulia mtaa wa Manyatta, hapahapa Kisumu, kwa hiyo sikuwa mgeni wa desturi zetu: kwetu mtu haanzi na jambo lenyewe. Anauliza mmeamkaje, watu wa nyumbani wako vipi, mvua imefika. Jambo likiwa zito, njia ya kulifikia huwa ndefu zaidi. Nilijua yote hayo, ila nilikuwa nimeamua kwamba ndiyo yaliyoturudisha nyuma.

Nikajitahidi kwa wiki tatu. Mashine iliniandikia sentensi, nami nikazisoma.

"Naelewa jinsi unavyohisi, Mama."

"Unaelewa nini, na mimi sijasema bado?"

Nilicheka. Nilidhani tunaelekea pazuri.

Ndipo ikaja simu ya Jumatatu moja. Alikuwa amemaliza habari za samaki, akasema, "Halafu, Baba, kuna kitu kingine kidogo." Maandishi ya kijani yakatokea kwenye skrini: Tulia. Sekunde tatu. Mwache amalize. Nami, niliyezoea kusoma kila kilichoandikwa, nikasoma kwa ile sauti yangu ya msimamizi:

"Tulia. Sekunde tatu."

Nilikuwa nimeshayatamka nilipofika kwenye mstari wa mwisho na kuelewa kwamba ilikuwa inaniambia mimi.

Kwetu, tulia huambiwa mtoto anayelia sokoni, au mlevi aliyesimama kwenye meza. Nilikuwa nimemwambia hivyo mama mwenye wajukuu, na nikampimia na sekunde.

"Nimetulia," akasema, akakata.

Kesho yake hakupokea simu. Nikaletewa ujumbe: Samaki wamekula. Keshokutwa yake, ujumbe huohuo. Nilikuwa nimepata ufupi wote niliowahi kuutaka.

Siku ya tatu nikafungua kumbukumbu za simu zetu, nikazisoma tangu mwanzo. "Halafu, Baba, kuna kitu kingine kidogo." Ilikuwepo katika simu ya kwanza. Ilikuwepo katika ya pili, na ya nne, na kila mara chini yake yapo maneno yangu ya kumkatiza. Kisha simu ya Ijumaa moja, ambapo mashine ilikuwa imeandika: kelele za watu wengi. Chini yake, mimi: "Hiyo kelele ni ya nini, Mama? Toka hapo tuongee. Fupisha." Na yeye: "Samaki wamekula, Baba. Nimewaacha na jirani."

Nikaendesha gari hadi Seme siku hiyohiyo. Nilimkuta ufukweni akishona wavu uliochanika. Akanisalimu kwanza, akauliza barabara ilikuwaje, akaniletea kiti. Safari hii nikajibu yote.

"Mama, kile kitu kingine kidogo kilikuwa nini?"

Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Dada yangu alikuwa amelazwa hospitali ya Kombewa. Nilitaka Ijumaa, niwe naenda kumwona."

"Na sasa?"

"Sasa tumemzika. Ulipiga tukiwa pale mazishini. Ile Jumatatu nilitaka kukuambia."

Ile sentensi ya kuelewa jinsi anavyohisi ikanijia mdomoni yenyewe, kama mbwa aliyezoeshwa. Nikaimeza. Nikasema, "Nisamehe, Mama."

"Haya."

"Usiondoke. Nakuomba. Ijumaa zote ni zako."

Akanitazama bila hasira, na afadhali angekasirika. "Ijumaa niende wapi sasa? Wewe si mtu mbaya, Baba. Umesoma tu."

Mwisho wa mwezi nilikuwepo alipomkabidhi kazi mwanamke niliyemwajiri. Akamwonyesha mkebe wa kupimia chakula, jinsi ya kusoma rangi ya maji, mahali wavu unapopenda kuchanika. Kisha akafika kwenye simu. Hakunong'ona, ingawa nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao. Alieleza kwa sauti ileile aliyoelezea mkebe.

"Huyu, asubuhi akikupigia, usimsalimie. Sema samaki wamekula. Ukiwa na jambo lako, lianze nalo, na liwe fupi."

Yule mwanamke akaitikia kwa kichwa, akarudia polepole asije akasahau: "Nisimsalimie."