Vyombo vya Maziwa Chini ya Piano

Juzi mjukuu wangu alinipeleka kusali katika kanisa jipya hapa Uvira. Badala ya kusikiliza mahubiri, nilitazama miguu ya piano. Chini ya kila gurudumu waliweka kikombe cha plastiki ili zulia lisibonyee. Ndugu yangu, nilishikwa na hasira hata nikasahau kusema amina.

Zamani za Wazungu, baba alikuwa boyi wa madamu mmoja karibu na ziwa. Piano yake kubwa ya miguu mitatu ilikaa juu ya tapi, zulia la Ulaya, ambalo sisi watoto tulikatazwa hata kulichungulia. Magurudumu yakawa yanalichimba. Madamu akajaribu sahani za chai, zikapasuka. Akajaribu vifuniko vya makopo, vikaacha kutu, na lawama ikamwangukia baba. Aliambiwa alete mti mgumu kabla ya Jumapili, ama asirudi kazini.

Baba hakwenda mbali. Mama alikuwa na vyombo vitatu vya maziwa, vya mti, vyeusi kwa moshi, alivyopewa na nyanya, mama yake, siku ya kuolewa. Nyanya alikuwa wa milimani juu, kwa watu wa ng'ombe, ambako chombo cha maziwa hakiwekwi ovyo, sembuse kukanyagwa. Baba akavikata kwa msumeno, akabakiza vitako tu. Harufu ya siagi ya zamani ilijaa nyumba nzima. Madamu alivikubali palepale, akampa baba kipande cha keki.

Nyanya aliposhuka na maziwa, aliuliza vyombo viko wapi.

“Kazi mbaya si mchezo mwema, mama,” baba akasema. “Ile iko miti tu.”

Nyanya alimgeukia mama: “Na weye ulikuwa wapi akikata?”

Mama akainama. Nyanya akajitwika tena maziwa yake, akapanda mlima bila hata kukaa.

Uhuru ulipofika, madamu alikimbia, piano akaiacha. Mama alisema atapanda kuomba radhi mvua ikikatika. Ilikatika, mdogo wangu akaugua. Kisha wakaja waasi, askari nao wakaja, njia ya mlimani ikafungwa. Nyanya alifia huko, na ng'ombe wote wakaisha. Habari tuliipata akiwa ameshazikwa miezi mingi.

Nilimchukia madamu, nikamchukia na baba. Siku moja, mama akiwa mzee, nilimwambia hivyo. Akanikatiza.

“Acha baba yako. Miye ndiye niliyevishikilia, asikate vibaya.”