Mcheza Dansi wa Safu ya Nyuma

Baba alipofariki, nilimleta mama London akae nami kwa muda ambao viza ingemruhusu. Nyumba yangu iko Walthamstow, katika mtaa ambao nyumba zote zimeshikana ukuta kwa ukuta, na mama alikuwa akilalamika kwamba anamsikia jirani akikohoa kama vile wamelala chumba kimoja. Mimi ninafanya kazi ya kupiga eksirei hospitalini. Asubuhi nikitoka, mama alibaki na redio yake na sufuria zake, mpaka binti yangu arudi kutoka shule. Binti yangu Kiswahili anakielewa chote, lakini hujibu kwa Kiingereza, na mama naye alimjibu kwa Kiswahili cha Tanga, na mambo yakaenda hivyo bila ugomvi.

Mama hakuwa mtu wa televisheni. Hata akikaa mbele yake alikuwa anachambua mchele au anakunja nguo, na ukimuuliza picha ilikuwa inahusu nini, hana jibu. Jumamosi moja alasiri, mvua ikinyesha, binti yangu alikuwa anabadilisha chaneli bila kutaka kitu maalumu. Akaangukia filamu ya kale ya Kimarekani, ya nyimbo na dansi, yenye rangi zilizokolea kupita kiasi, nyekundu kama komamanga na buluu ambayo haiko popote duniani. Ilikuwa hadithi ya binti wa mawinguni anayeshuka mjini kucheza kwenye jumba la maonyesho, kisha anampenda mwanadamu. Binti yangu alitaka kubadilisha tena.

"Iache," mama akasema.

Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono imejaa unga wa chapati. "Sasa atashuka ngazi," akasema.

Na kweli, ngazi nyeupe zikatokea katikati ya mawingu, zisizo na mwanzo, na yule mwigizaji mkuu akaanza kushuka. Alikuwa mwanamke mzuri kwa namna ya kutisha kidogo. Kila kitu chake kilimeremeta, mabega, meno, hata kope. Hakutazama miguu yake hata mara moja.

"Sasa wanakuja wenye shela," mama akasema.

Wakaja wacheza dansi wamejifunika shela nyeupe kuanzia kichwani, safu nyuma ya safu. Mama akasogea, akasogea, mpaka akawa amesimama karibu kabisa na kioo na sisi hatuoni kitu. Dansi ilipokwisha alishusha pumzi.

"Hayupo," akasema, akarudi kwenye chapati zake.

Nilimuuliza nani hayupo. Alinijibu tulipomaliza kula na binti yangu akapanda chumbani kwake.

Ndipo nilipojua kwamba mama hakuwa mtoto wa kike wa kwanza kwao, kama nilivyoamini maisha yangu yote. Alikuwa na dada. Mimi nilikuwa na mama mkubwa, na nilipata habari zake nikiwa nimeshaanza kuota mvi, katika jiko la nchi ya watu.

"Bibi yenu akilisikia jina lake, alikuwa analala kutwa nzima bila kula," mama akasema. "Basi tukaacha kulitaja. Tulikuja kushtuka kwamba tumeacha, tumeshakuwa watu wazima na watoto wetu."

Wakati huo, alinieleza, jumba la sinema la mjini lilikuwa na onyesho la wanawake kila Jumatano alasiri. Wanaume hawakuruhusiwa kuingia. Wanawake walijaa na mabuibui yao, watoto mgongoni, karanga mikononi, na taa zikizimwa nyuso zote zinafunuliwa. Dada yake alimshika mkono wakakaa safu ileile kila mara. Filamu hiyo ya binti wa mawinguni ilirudi tena na tena, na dada yake hakuichoka. Nyumbani hawakuwa na ngazi, ila vidaraja vya baraza, na hapo ndipo alipojifunza kushuka kama yule mwigizaji, kidevu juu, buibui linaburuzika. Alikuwa na mazoea ya kushika ndewe ya sikio lake la kushoto akiwaza jambo. Yule mwigizaji hakuwa na tabia hiyo. Hiyo ilikuwa yake mwenyewe.

"Alikuwa ananionyesha midomo," mama akasema. "Ananinong'oneza, tazama, mdomo unatangulia, sauti inafuata. Anasema huyu haimbi, anayeimba ni mwingine, wamemficha. Mimi nilikuwa naogopa. Nilikuwa nawaza huyo mwingine wamemficha wapi."

Mwisho wa filamu hawakuwahi kuuona. Kaka yao alikuwa anakuja kuwachukua kabla ya magharibi, anasimama nje na kugonga ukuta wa mabati, na lazima watoke. Kwa hiyo dada alimtungia mdogo wake mwisho. Binti wa mawinguni anabaki mjini, anapewa nyumba yenye roshani, halafu anamwita na mdogo wake ashuke waishi pamoja. Kila Jumatano njiani aliuongeza kidogo, leo pazia, kesho paka.

Kisha dada akapata homa. Walimpeleka hospitali akitembea kwa miguu yake, na hakurudi.

Jumatano iliyofuata nyumba ilikuwa imejaa wanawake wa msiba. Mama, mtoto wa darasa la sita tu, alichukua buibui la dada yake msumarini, akajifunika, akapita katikati ya watu bila kuulizwa. Akaenda sinema peke yake. Akakaa safu yao.

"Wakaja wenye shela," akasema. "Yule wa safu ya nyuma, wa mwisho upande wa kulia, akainua shela yake. Akatutazama. Alikuwa yeye, mwanangu. Akashika sikio lake."

"Ukafanyaje?"

"Nikakimbia."

Nilimwambia alikuwa mtoto, na alikuwa kwenye msiba, na macho ya mtu mwenye huzuni huona yanachotaka.

"Ndiyo," akasema kwa upole. "Hata mimi nilijiambia hivyo hivyo." Akaanza kukusanya sahani. "Lakini kwenye televisheni wanakata. Mkanda mzima hawaonyeshi."

Sikubishana naye. Lakini kuanzia siku ile nyumba ilibadilika. Nilimkuta mama amekaa sebuleni bila kazi mikononi, jambo ambalo sijawahi kuliona. Nilimsikia akiongea chini kwa chini akiosha vyombo, na nikiingia ananyamaza, siyo kama mtu aliyefumaniwa bali kama mtu aliyekatizwa mazungumzo. Binti yangu aliniuliza Bibi anaongea na nani. Nikamwambia anakumbuka tu. Akasema, kwa Kiingereza chake, kwamba watu wakikumbuka hawasubiri kujibiwa.

Mwenzangu mmoja kazini, mpenzi wa filamu za zamani, aliniambia kuna jumba dogo upande wa pili wa mto linaloonyesha filamu za aina hiyo kwa mkanda wake halisi, mzima, kama ulivyotoka kiwandani. Nikakata tiketi tatu za Jumapili alasiri. Asubuhi hiyo binti yangu akapata udhuru wa rafiki yake, kwa hiyo tukaenda mimi na mama, na kiti cha tatu kikabaki wazi upande wake.

Mama alikuwa amevaa vizuri, ushungi wa hariri na koti nililomnunulia sokoni. Watazamaji walikuwa wachache, wengi wazee wenye nywele nyeupe, kila mmoja ameketi mbali na mwenzake.

"Mbona wamenyamaza hivi?" akaninong'oneza. "Kwetu tulikuwa tunaimba nao."

Aliweka koti lake kwenye kile kiti kitupu. Taa zilipoanza kufifia akalichukua tena akalipakata.

"Liache tu, mama, hakuna mtu."

"Pengine atakuja mtu," akasema.

Filamu kwenye ukuta mkubwa ni kitu kingine kabisa. Uso wa yule mwanamke ulikuwa mkubwa kuliko nyumba yangu. Niliona mdomo unatangulia na sauti inafuata, tofauti ndogo sana, na nikafikiri kuhusu yule mwimbaji asiyeonekana, aliyesimama mahali fulani gizani akimpa mwingine pumzi yake. Wote wawili bila shaka wameshakufa. Hata waliokuwa wakiwatazama, wale wanawake wenye karanga zao, wengi wao wameshakufa. Mwanamke alikuwa anatabasamu vilevile.

Zikaja ngazi. Wakaja wenye shela.

Kazi yangu ni kutazama picha na kusema kilichomo na kisichomo. Nimeizoea, na sipendi kuongeza kitu. Basi nitasema nilichokiona. Katika safu ya nyuma, mcheza dansi wa mwisho upande wa kulia aliinua shela yake kwa mkono mmoja. Alikuwa msichana mweusi, mwenye paji pana kama letu. Hakucheza. Alisimama wenzake wakizunguka, akatazama mbele, akashika ndewe ya sikio lake, kisha akashusha shela. Sikuhisi hofu wakati ule. Nilihisi aibu kidogo, kama unapogundua kwamba mtu alikuwa anakutazama muda mrefu nawe hukujua.

Nikageuka kumtazama mama. Alikuwa anatazama ukuta, ametulia, mikono juu ya koti.

Tuliitazama mpaka mwisho, mwisho ambao yeye hakuwahi kuuona. Binti wa mawinguni anaitwa arudi. Anapanda ngazi zilezile, na kila kidaraja anachopanda watu wa mjini wanamsahau. Yule mwanamume anasimama njiani, anasikia kama wimbo, anatikisa kichwa, anakwenda zake. Mama alilia bila sauti. Taa zilipowaka akajifuta kwa ncha ya ushungi.

"Bora yeye hakuiona hii," akasema.

Tukapanda treni ya chini ya ardhi kurudi. Behewa lilikuwa karibu tupu. Nikamuuliza kama amemwona.

"Nimemwona nani? Hakuwepo," akasema. "Nimetazama vizuri safari hii. Hakuinua mtu."

Stesheni mbili tatu zikapita. Kisha nikamwambia. Nilimweleza paji, na mkono, na sikio. Mama alinisikiliza akitazama dirisha jeusi la behewa ambamo tulionekana wote wawili.

"Sikio gani?" akauliza.

"Hili," nikashika langu la kushoto.

Halafu akaweka mkono wake juu ya goti langu, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo na tunasubiri kwa daktari.

"Basi amekuja kukutazama wewe," akasema. "Mimi ananijua."

Na hapo, treni ikiwa inapiga kelele, akalitaja jina lake. Akalirudia, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu alichokiweka miaka mingi.

Kabla viza yake haijaisha tulimsomea khitma nyumbani. Walikuja akina mama wa Tanga na Mombasa wanaoishi London, wauguzi wengi wao, wengine wametoka kazini na sare zao chini ya mabuibui. Hakuna aliyeuliza marehemu alifariki lini. Mama alipika pilau, na usiku akalala usingizi mzito. Yale maongezi ya jikoni yakakoma.

Baadaye binti yangu aliipata filamu ile kwenye simu yake. Anajua kuisimamisha, kuikuza, kuipeleka picha moja baada ya nyingine. Tulikaa mezani tukaitazama ile dansi jinsi ninavyotazama kifua cha mgonjwa, kutoka pembeni kuja katikati. Wacheza dansi wote wamefunikwa, mwanzo mpaka mwisho. Binti yangu akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia nilidhani nimeona kitu, nikamshukuru, nikaenda kuweka maji ya chai.

Mama sasa yuko Tanga. Mpwa wangu alijifungua mtoto wa kike mwaka jana, na mama akaomba apewe jina lile, na watu wakakubali bila kujua wanakubali nini. Tukiongea kwa simu Jumapili, kuna kelele nyingi nyuma, vyombo, kuku, watoto, na mara kwa mara mtu analiita jina hilo kwa sauti, aje aoge, aache mchanga. Mimi nakuwa sokoni na mifuko yangu, katikati ya watu, na mama anaendelea kunieleza bei ya nazi. Namwambia asubiri kidogo, nisikie likiitwa tena. Anasubiri. Haniulizi kwa nini.