Kufunua Shavu la Sangara

Asubuhi hiyo kompyuta ya kiwanda cha samaki pale Musoma ilifunguka vizuri, mpaka tulipoiomba orodha ya shehena. Ikakwama. Bloku sita za kanzidata, yaani vile vipande ambamo kumbukumbu hukaa, zilikuwa zimeharibika. Humo ndimo walimoandikwa sangara wa kutoka Rukuba na Kisorya tulionunua wiki mbili nyuma. Walikuwa wameshagandishwa na kupakiwa, ila bila karatasi ya kuonyesha walikovuliwa, lori halitoki.

Meneja hakuhangaika kutafuta mkosaji. Jana yake umeme ulikatika ghafla, na aliyekuwa kwenye kompyuta ni mama anayepokea samaki. Akaambiwa akae nje asubiri barua ya kufukuzwa. Mimi fundi wa kompyuta nikauchuna. Nilijua nina nakala za akiba.

Nikarudisha nakala ya jana. Ikagoma palepale. Ya juzi, vilevile. Nilipofungua ya wiki iliyopita nayo ikagoma, nikaelewa kuwa umeme wa jana haukuwa na kosa lolote. Kila jioni nilikuwa nanakili faili, natazama ukubwa wake, naona limenenepa, naenda zangu nyumbani Buhare. Sikuwahi kufungua hata moja. Nilikuwa nikitunza uozo.

Nikatoka nje, nikamuuliza yule mama anakumbuka nini. Akatoa daftari lililokaukiwa na magamba ya samaki, lile alilokatazwa kuliandika tangu kompyuta ije. Nikamuuliza kwa nini hakuacha.

“Mwanangu, samaki mi simwangaliagi ngozi, namfunuaga shavu. Hii mashine yenu sijawahi kuona shavu lake.”

Nikaziruka zile bloku sita, nikahamishia vilivyopona kwenye faili jipya, naye akanisomea vilivyopotea, mstari kwa mstari. Kufika saa nane mchana lori likatoka.

Meneja akanishika mkono, akasema nimekiokoa kiwanda, na kwa heshima yangu amemsamehe yule mama. Nikasema asante, wala sikumtajia nakala zangu mbovu wala daftari la mama. Ndiyo, nilisema asante, na aibu hiyo bado ninayo.

Kesho yake mama akaniletea sangara mzima, akanishukuru kwa kumtetea. Nikampokea samaki kwa mikono miwili.

Nyumbani, kabla ya kumkabidhi mke wangu, nikamfunua yule sangara shavu. Lilikuwa jekundu, bichi kabisa.