Nilisema ni Uvimbe wa Mbwa

Nilikubali kudanganya. Tulikuwa nje ya hema la vipimo, Kakuma, mwishoni mwa mwaka 2012, na aliyeniomba alikuwa kaka yangu mkubwa. Alinishika mkono wa shati akasema, "Mwambie mama watoto ni uvimbe wa mbwa. Basi." Ningeweza kukataa. Kazi yangu pale ilikuwa moja tu, kusema kilichosemwa.

Nilikuwa karani mstaafu wa Lodwar, na watafiti walinichukua niwe mkalimani wao. Walikuwa wakipima mshipa mkubwa wa damu, ule unaoshuka kutoka moyoni na kupita tumboni. Kwa baadhi ya wazee, hasa wanaume waliovuta sigara miaka mingi, mshipa huo hutanuka polepole bila maumivu yoyote, mpaka siku moja hupasuka. Ukigunduliwa mapema, unaweza kutengenezwa.

Mimi mwenyewe nilimwita kaka aje. Alikuwa dereva wa lori hadi alipostaafu, na sigara haikumtoka mdomoni. Alipolala kitandani, muuguzi akampaka mafuta ya baridi tumboni, naye kaka akacheka.

"Binti, hata ukitafuta namna gani, yule mbuzi wa jana humpati. Ameshakwisha."

"Tulia, mzee, usinichekeshe," muuguzi akasema. Alipima mara ya pili, na mara ya tatu. Mshipa wa kaka ulikuwa umetanuka kupita kiasi cha kusubiri. Muuguzi aliandika barua ya kumpeleka Eldoret kwa upasuaji, akatoka kumtafuta daktari aitie sahihi. Hapo ndipo kaka aliponivuta nje.

Mwanawe alikuwa anaoa Lokitaung baada ya miezi miwili. "Wakwe wakisikia nina kitu cha kupasuka," akasema, "watasema tungoje nife kwanza, matanga yaishe, ndipo tuzungumze. Wacha nimwoze mtoto. Nikitoka huko nitaenda Eldoret, naapa."

Uvimbe wa mbwa kwetu hauhitaji maelezo. Ni mfuko wa maji unaokua tumboni kutokana na minyoo ya mbwa, na karibu kila ukoo una mtu mwenye kovu la upasuaji wake. Watu huishi nao miaka, wakingoja madaktari wa upasuaji waje. Hakuna anayekimbia kwa ajili yake. Ndiyo maana kaka aliuchagua, na ndiyo maana mkewe, shemeji yangu, aliuamini.

Shemeji, aliyekuja naye siku ile, hakujua Kiswahili. Muuguzi aliporudi alimkalisha, akaongea naye taratibu akimtazama yeye machoni, si mimi. "Mwambie kwamba mzee akipata maumivu ya ghafla ya mgongo au tumbo, au akizirai, wamlete hospitali saa hiyo hiyo. Wasimkande tumbo. Wasingoje hata kidogo. Mwambie pia watoto wa kiume wapimwe wakifikia umri, maana hili hufuata damu."

Nikamgeukia shemeji, nikamwambia kwa Kiturkana kwamba ni uvimbe wa mbwa, bado mdogo, wangoje zamu ya upasuaji madaktari watakapokuja.

"Ejok," akasema, yaani vema, akashusha pumzi. Akamshukuru muuguzi kwa mikono miwili. Muuguzi akatabasamu, akidhani ameeleweka. Nilipiga alama ya vema kwenye fomu, pale palipoandikwa kwamba familia imeelezwa.

Harusi ilifanyika, na ilipendeza. Kaka aliimba hadi sauti ikakauka. Baada ya harusi nilimkumbusha Eldoret. Akasema mvua kwanza, kisha akasema mbuzi kwanza. Sikumsukuma, kwa sababu kumsukuma kungenilazimu kumweleza mkewe.

Siku moja mwaka 2013, alasiri, mwanawe alinipigia simu kutoka Kakuma.

"Baba mdogo, mzee anaumwa mgongo tangu asubuhi. Mama amemkanda tumbo kwa mafuta lakini hapati nafuu. Sasa anatoka jasho."

"Mpeleke hospitali! Sasa hivi!"

"Kwa uvimbe wa mbwa? Si ulisema unangoja? Tumeambiwa madaktari wa upasuaji watakuja wiki ijayo."

Nikamwambia ukweli, mimi nimesimama sokoni Lodwar. Nikasikia mama yake akiuliza nimesema nini. Kisha simu ikakatika. Walipata gari, lakini kaka alikata roho kabla ya kufika lango la hospitali.

Muuguzi aliniambia baadaye kwamba siku ile pengine hata wangewahi asingepona. Alitaka kunipoza. Lakini kulikuwa na miezi mizima kabla ya siku ile, na shemeji ni mwanamke ambaye angemburuta mumewe hadi Eldoret kwa shuka lake. Nilimnyima nafasi hiyo. Badala yake nilimwacha amkande tumbo kwa mikono yake mwenyewe, na sasa anaishi na jambo hilo.

Nilipimwa, mshipa wangu uko sawa. Nilikwenda kwa mwana wa kaka, naye anavuta kama baba yake, nikamsihi aache sigara na asisahau kupimwa umri ukifika. Hakunikaribisha kiti.

"Baba mdogo," akasema, "safari hii ni uvimbe wa nani?"

Kwa uongo ule nilimpoteza kaka yangu, na mwanawe haniamini tena, hata ninapomwambia jambo linaloweza kumwokoa.