Masharubu Kwenye Skrini ya Jicho

Mtaa mzima ulimwita Jicho, na jina hilo hakupewa kwa upendeleo. Alikuwa mpiga picha mwenye chumba kimoja kinachotazama barabara: kitambaa cha kijivu ukutani, kiti kisicho na mgongo ili mteja akae wima, na meza ya kompyuta pembeni. Ukija kwake na uzi umechomoza kwenye kola, aliuona. Ukiwa ulilia jana yake, aliliona na hilo, ila hilo alilinyamazia, akalifuta kimyakimya kwa kipanya. Watu walitoka pale na picha zinazofanana nao, ila nao wa siku waliyolala vizuri.

Mumewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, mwanamume mcheshi mwenye masharubu mazito aliyoyachana asubuhi na jioni. Kila siku jua likizama alipiga simu kutoka alikoegesha na kuuliza swali lake lilelile, kama amekumbukwa. Jicho aliishi nyumba moja na mama mkwe wake, na maneno laini mbele ya mama mkwe yalimshinda kabisa. Kwa hiyo naye alijibu lilelile: akumbukwe saa ngapi, na kazi zote hizi? Mama mkwe, akichambua mboga palepale, alijitia hamnazo, lakini lilimkera. Kimoyomoyo alishaamua kwamba mwanawe ameoa mwanamke mkavu.

Kisha ikaja skrini mpya. Aliyeileta ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi wa kompyuta mwenye kibanda mlango wa tatu kutoka pale. Ilikuwa pana, yenye nukta ndogondogo nyingi hivi kwamba ukitaka kuhesabu kope za mteja, unahesabu. Jicho aliipenda mno. Ile ya zamani akaifunika kitambaa na kuisukumia stoo, akaendelea na kazi kwa raha zake.

Raha haikudumu. Baada ya muda, kila aliyepigwa picha, mwanamume au mwanamke, alianza kutokea na weusi hafifu juu ya mdomo. Haukuwa mwingi, kivuli tu. Jicho alidhani ni mwanga wa dirishani, akahamisha taa, kivuli kikabaki. Basi akafanya alichozoea kufanya maisha yake yote: akakifuata kwa kipanya na kukipaka weupe taratibu mpaka kikaisha. Kwenye skrini sura zilipendeza. Akachapisha, akatia picha kwenye bahasha bila kuzitazama mara ya pili, maana alishaziona, na jicho lake halikuwahi kumwangusha. Ni kosa ambalo mtu asiye hodari hawezi hata kulifanya.

Wa kwanza kurudi alikuwa kinyozi wa jirani. Aliweka picha yake mezani, akaitazama, akamtazama Jicho, akauliza kwa upole kama siku ile alikuja akiwa anakunywa maziwa. Kweli, juu ya mdomo wake palikuwa na mstari mweupe, kama wa mtoto aliyesahau kujifuta. Jicho alifungua picha ileile kwenye kompyuta: hakuna mstari. Akaisingizia printa. Akaisafisha, akabadilisha wino, akachapisha tena, na kinyozi akatoka na maziwa yake vilevile.

Wakafuata wengine, halafu wauguzi. Hospitali ilikuwa imempa Jicho kazi ya picha za beji za wauguzi wote, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Muuguzi mkuu, mama mnene mwenye sauti ya kuamsha wodi, alizirudisha mwenyewe. Hakugomba. Alisema tu kwamba wagonjwa wanawauliza wauguzi kama maziwa yamebaki, na kwamba wodi mpya inafunguliwa wiki hiyo. Beji zisipokuwa tayari, kazi itapelekwa kwingine.

Siku ile Jicho aliogopa kweli. Hakuogopa kukosa kazi ya hospitali peke yake. Aliogopa kwamba macho yamemwisha, kwamba yanamwonyesha visivyokuwepo na kumficha vilivyopo. Alikwenda kwa daktari wa macho, akasoma herufi zote mpaka mstari wa chini kabisa, kisha akasoma na jina la kiwanda lililochapwa pembeni mwa ubao. Daktari akamwambia kwamba macho yale ni mazima kuliko ya kwake yeye. Mtu mwingine angetoka pale anapiga mluzi. Jicho alitoka akiwaza kwamba ni ugonjwa mbaya hivi kwamba hata daktari hauoni.

Mama mkwe alimkuta jikoni akiosha sufuria iliyokwisha kuoshwa, machozi yakimtoka. Jicho akamwambia kwamba atafunga chumba cha picha, ampe mtu mwingine kiti kile na meza ile. Mama mkwe alimpokonya ile sufuria. Alijifunga kanga, akaenda kumtoa mwanawe mdogo kibandani, akamwamuru amtazamie shemeji yake ile kompyuta kabla mambo hayajaharibika zaidi.

Asubuhi chumba kilijaa. Shemeji alikuwa amekaa mbele ya skrini, mama mkwe amesimama nyuma yake kuhakikisha hafanyi mzaha, na muuguzi mkuu naye akaingia kufuata beji zake. Shemeji akamwuliza Jicho kivuli anakiona wapi. Jicho akaweka kidole kwenye kioo, juu ya mdomo wa muuguzi mmoja. Shemeji akaisogeza picha pembeni. Muuguzi alisogea, kivuli kikabaki chini ya kidole.

Fundi akaguna. Akaziondoa picha zote, akaijaza skrini nzima rangi ya kijivu tupu. Polepole, jinsi macho yalivyozoea, ikatokea sura hafifu: paji la uso, mashavu, na masharubu mazito yaliyochanwa vizuri.

"Huyu si mwanangu?" mama mkwe akauliza.

Shemeji alieleza kwamba skrini za namna hii zikiachiwa picha moja isiyotikisika kwa muda mrefu, hubaki na alama yake hata picha ikiondolewa. Haijaungua, ikipumzishwa alama itafifia yenyewe. Ila picha yenyewe lazima iwe imekaa, tena imekaa sana. Akageuza kiti, tabasamu limemjaa usoni.

"Shem, kaka ulikuwa unamwacha hapa muda gani?"

Jicho akatazama sakafu. Picha ile ya mumewe aliikata mwenyewe kwa kipimo kilekile cha wateja, kwa kuwa mkono wake haukujua kipimo kingine, ndiyo maana masharubu yaliangukia midomo ya watu bila kukosea. Aliifungua kila mteja alipotoka. Aliifungua akinywa chai, aliifungua akifagia.

"Kutwa," akasema. "Na nikifunga mlango, namwacha anawaka."

Muuguzi mkuu alicheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe wote tumenyolewa masharubu ya mume wa mtu!"

Mama mkwe hakucheka mara moja. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaiangalia sura ya mwanawe kwenye kijivu, akamwangalia mkwewe.

"Na mimi nilidhani humkumbuki," akasema.

Uso ulimwiva Jicho kwa haya, lakini chini ya haya palikuwa na furaha iliyotaka kumrusha juu. Macho yake yalikuwa mazima. Kivuli alichokiona kilikuwepo kweli, tena alikiona yeye wakati hakuna mwingine aliyekiona.

Shemeji akaitoa skrini ya zamani stoo na kuipangusa vumbi. Jicho akakaa nayo tangu asubuhi hiyo, akamrudishia kila muuguzi mdomo wake, na safari hii kila picha iliyochapishwa aliitazama kwenye karatasi kabla ya kuitia kwenye bahasha. Muuguzi mkuu aliondoka na beji kabla jua halijapoa. Skrini mpya iliachiwa picha za kuhamahama, kisha ikazimwa ipumzike, na fundi akaacha amri: mteja akitoka, izimwe, na mtu yeyote asiachwe pale ametulia, hata kaka. Kila ilipowashwa kujaribiwa, sura ilikuwa imefifia zaidi. Masharubu ndiyo yaliyong'ang'ania mpaka mwisho.

Siku ileile, jua lilipozama, simu ikalia. Mama mkwe alikuwa palepale na mboga zake. Dereva alisimulia habari za barabara, halafu akauliza swali lake. Jicho akamtazama mama mkwe.

"Nimekukumbuka mpaka kompyuta imechoka," akasema.

Mume, ambaye hajawahi kukosa neno, alizima redio kwanza. Kwenye simu zilisikika taa za tahadhari za lori lililoegeshwa zikigonga, tik, tik, tik.

"Hebu sema tena," akasema hatimaye.

Mama mkwe alikuwa ameacha kuchambua mboga na wala hakujificha kwamba anasikiliza. Jicho akasema tena.